Nafasi tupu pembeni mwa habari za Salgaa

Leo naweka msimbo kando kidogo nisimulie historia. Kuna swali ambalo huulizwa sana na vijana wanaoanzisha tovuti za habari za mtaani, hapa Rongai na kule Nakuru mjini: ukurasa fulani umenyimwa matangazo ya Google, je, naruhusiwa kuweka matangazo ya mtandao mwingine papo hapo? Jibu fupi ni ndiyo, ukijua unachokifanya. Jibu refu lina zaidi ya miaka ishirini ndani yake, na bila hilo refu, hilo fupi humwingiza mtu shimoni. (Rongai ninayoisema ni hii yetu ya Kaunti ya Nakuru, si Ongata Rongai ya Kajiado. Tumezoea kujieleza.)

Tuanze mwaka 2003. Mwezi Aprili Google iliinunua kampuni ya Applied Semantics, na Juni ikaufungulia ulimwengu mradi wa AdSense. Kabla ya hapo, mwenye tovuti ndogo aliyetaka matangazo alikuwa na njia mbili: atafute wateja mwenyewe akibisha milango, au ajiunge na mitandao ya mabango iliyowataka watu wenye wasomaji maelfu kwa maelfu. AdSense ilivunja ukuta huo. Unabandika mistari michache ya JavaScript, mashine ya Google inausoma ukurasa wako, inachukua maneno yaliyomo na kutafuta tangazo linalofanana nayo. Ukiandika juu ya mbegu za mahindi, linakuja tangazo la mbegu au la trekta. Msomaji akibofya, mwenye tangazo analipa, Google inachukua fungu lake na wewe lako. Kwa miaka kadhaa haikusema fungu hilo ni kiasi gani. Mei 2010 ndipo ilipotangaza kwamba kwa matangazo ya kwenye kurasa za habari na makala, mwenye tovuti hupata asilimia 68.

Ubovu wa mpango huu ulionekana mwaka ule ule wa kwanza. Gazeti la New York Post liliweka mtandaoni habari ya mauaji ambamo mwili wa marehemu ulikuwa umekatwakatwa na kufungwa ndani ya sanduku la safari. Mashine ikasoma, ikaona neno "sanduku", ikaleta tangazo la masanduku ya safari. Haikuwa na nia mbaya, haikuwa na nia yoyote. Lakini aibu ilikuwa kubwa, na Google ikalazimika kuweka vichujio: ukurasa wenye maneno ya kifo, mauaji, ajali au maafa usipewe matangazo ya biashara. Badala yake ulipewa matangazo ya huduma kwa umma, yale ya mashirika ya misaada, na hayo hayakumlipa mwenye tovuti hata senti moja, ayabofye nani asiyabofye nani.

Hapa nataka tutenganishe vitu viwili, maana hata leo watu huvichanganya. Kulikuwa na sera, yaani orodha ya mambo ambayo ukiyaweka kwenye ukurasa wenye msimbo wa Google unaweza kufungiwa akaunti: ngono, chuki dhidi ya watu, silaha, dawa za kulevya, kamari, tumbaku na mengine. Halafu kulikuwa na kichujio cha habari nyeti, ambacho hakikukuadhibu wala kukutumia onyo. Hukuwa umevunja sheria yoyote. Uliandika habari ya kweli, na kwa sababu habari yenyewe ni ya huzuni, hukulipwa. Hilo la kwanza ni mlinzi wa lango. La pili ni kama mwenye duka anayefunga mlango polepole akikuona unakuja umevaa nguo za matanga.

Google yenyewe ilijua wenye tovuti watalalamika, kwa hiyo ikawapa kidirisha kidogo cha kutokea. Katika msimbo wa zamani wa AdSense kulikuwa na kigezo kiitwacho google_alternate_ad_url. Ulikipa anwani ya faili iliyo kwenye seva yako, na pale ambapo Google haikuwa na tangazo la kulipa, badala ya tangazo la hisani ililivuta faili hilo na kulionyesha katika nafasi ile ile. Ndani ya faili uliweka utakacho: bango la rafiki yako mwenye saiba, au msimbo wa mtandao mwingine wa matangazo. Kilikuwepo pia google_alternate_color, cha kupaka tu rangi nafasi tupu ifanane na ukurasa ili msomaji asione pengo. Kwa waliojenga tovuti miaka ile, hapa ndipo wazo la "mtandao mbadala" lilipoanzia. Halikuwa ujanja wa kukwepa. Lilikuwa ndani ya maelekezo ya Google yenyewe. Baadaye matangazo ya hisani yaliondolewa, na mahali pake pakawa panabaki weupe mtupu.

Ila kidirisha hicho kilikuwa na mpaka ambao wengi hawakuusoma. Kilitatua tatizo la kichujio, si la sera. Kama ukurasa wako umevunja sera, msimbo wa Google hautakiwi kuwepo hapo kabisa, hata kama umepaka rangi juu yake.

Sasa tuje kwetu. Sera hizo zilikuwa na kipengele kimoja ambacho Mmarekani hakikumgusa: lugha. AdSense ilikuwa na orodha ya lugha inazozikubali, na sera ilikataza kuweka msimbo kwenye kurasa ambazo sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya lugha iliyo nje ya orodha. Kiswahili hakikuwemo. Kihindi chenyewe, pamoja na mamia ya mamilioni ya wasemaji wake, kiliingizwa Desemba 2014, zaidi ya miaka kumi na moja baada ya mradi kuanza. Kiswahili kilisubiri zaidi ya hapo kabla ya kuongezwa. Kwa hiyo miaka yote ile wanablogu walipokuwa wakianza kuandika kwa lugha hii, wakiongozwa na kina Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, ukurasa wa Kiswahili kuhusu mapishi ya pilau ulikuwa mbele ya sera umesimama mstari mmoja na ukurasa wa kamari: wote hauruhusiwi kuwa na tangazo. Sababu tofauti, nafasi tupu ile ile. Nadhani jambo hili halijasemwa vya kutosha. Tunapohesabu kwa nini maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache, tunataja umeme, bei ya intaneti, shule. Hatutaji kwamba kwa muda mrefu Mkenya aliyeandika Kiingereza aliweza kutuma maombi na kulipwa, na jirani yake aliyeandika Kiswahili hakuweza.

Halafu ikaja 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Nakuru iliwaka mwishoni mwa Januari, na waliofukuzwa kutoka Rongai, Molo na kwingineko walijazana katika uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa Afraha. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni tangu Desemba 30, kwa hiyo watu walikimbilia mtandao. Ory Okolloh alikuwa akiandika katika Kenyan Pundit, na kutokana na maandishi yake likatoka wazo la Ushahidi, lililojengwa Januari hiyo hiyo pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Upande wa pili, jukwaa la Mashada, lililokuwa la Kobia huyo huyo, lilijaa matusi ya kikabila mpaka akalifunga mwishoni mwa Januari.

Tazama pande hizo mbili kwa jicho la mashine. Ukurasa unaoripoti mtu ameuawa kwa sababu ya kabila lake, na ukurasa unaomwita mtu auawe kwa sababu ya kabila lake, vina maneno karibu yale yale. Kichujio kinachohesabu maneno hakijui tofauti. Kwa sera, wa pili ulistahili kunyimwa kila kitu, na mimi sina ugomvi na hilo. Kwa kichujio, ulionyimwa ulikuwa hata ule wa kwanza.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, huku juu kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikwenda kuchota petroli, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Kipande hicho cha barabara, kutoka Salgaa kupanda Sachangwan, kilikuwa kimeshapata jina baya na hakikuliacha. Asubuhi ya Desemba 31, 2017, basi na lori vikagongana Migaa na watu 36 wakafariki. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel likapasuka Solai, ambayo ni wadi ya eneobunge letu la Rongai, na maji yakasomba nyumba na zaidi ya watu 40.

Sijataja haya ili kuwaliza watu. Nimeyataja kwa sababu hizi ndizo siku ambazo tovuti ya Rongai ingesomwa. Siku nyingine zote habari zetu ni bei ya mahindi, mkonge, mvua imechelewa, mkutano wa chifu. Wasomaji mia mbili. Siku ya Solai, kila mwenye ndugu huku, awe Mombasa au Minnesota, alikuwa akitafuta majina. Kwa mwandishi wa Nairobi mwenye kurasa za michezo, mitindo na magari, ukurasa mmoja wa maafa kunyimwa matangazo ni kitu kidogo: kurasa nyingine zitaubeba. Kwa mwandishi wa mahali ambapo nchi hupakumbuka panapokuwa na vifo tu, kichujio kilichobuniwa kwa sababu ya sanduku la New York kilimaanisha kwamba siku yake ya kazi kubwa zaidi ndiyo siku asiyolipwa. Nauli ya pikipiki kwenda Solai imetoka mfukoni, bando limetoka mfukoni, na pembeni mwa habari kuna weupe.

Basi watu wakaenda kwa mitandao mbadala. Nayo ilikuwa mingi. AdBrite, ya Philip Kaplan, ilianza 2002 kwa jina jingine na ikapata hili la sasa 2004. Ilikuwa na kiungo kidogo chini ya matangazo kilichomwambia mpita njia kwamba anaweza kununua nafasi hapo hapo, na haikuwa na masharti makali juu ya maudhui. Ilifungwa Februari 2013. Chitika ilianza 2003 ikafa 2019. BidVertiser ilikuwepo, Clicksor ilikuwepo. Yahoo nayo ilijaribu kuanzia 2005 na mradi wake wa wenye tovuti, lakini uliwahusu walioko Marekani tu na ukafungwa 2010, kwa hiyo kwetu ulikuwa hadithi. Upande wa simu kulikuwa na AdMob, iliyoanzishwa 2006 na kununuliwa na Google (bei iliyotangazwa Novemba 2009 ilikuwa dola milioni 750), na InMobi ya India.

Kulipwa kulikuwa kisa chake. Hundi ya dola inafika kwa sanduku la posta, unaipeleka benki, benki inakaa nayo majuma, halafu inakata ada inayoweza kumeza robo ya ulichopata. Mitandao mingi midogo ililipa kwa PayPal, na Mkenya wa kawaida hakuwa na njia rahisi ya kutoa pesa PayPal mpaka ushirikiano wao na Equity ulipoanza 2013. Kutoa moja kwa moja kwenda M-Pesa kulikuja 2018. Kabla ya hapo ulimtegemea binamu aliye ng'ambo, na binamu naye ana shida zake.

Lakini tatizo kubwa halikuwa malipo. Tatizo lilikuwa ni nani anayenunua nafasi ambayo makampuni yenye jina yameikataa. Jibu ni wale ambao hawajali tangazo lao linakaa karibu na nini. Dawa za kupunguza unene. Madirisha yanayochomoza nyuma ya ukurasa bila wewe kuyaita. Baadaye, simu za kisasa zilipoenea, maonyo ya uongo kwamba simu yako ina virusi, ubofye hapa kuisafisha. Mitandao hii hailipwi na msomaji aliyesoma tangazo akalipenda. Mara nyingi hulipwa na msomaji aliyebonyeza kwa bahati mbaya akitafuta alama ya kufunga. Weka picha hiyo kwenye ukurasa wa majina ya waliofariki. Mama aliye Kabarak, mwenye bando la shilingi ishirini, anafungua orodha kumtafuta mwanawe, na nusu ya bando linaisha kwa dirisha la kamari lililojifungua lenyewe. Mwenye tovuti amepata sehemu ya senti.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia mtandao fulani "unakubali maudhui yote", huuliza kwanza unakubali matangazo gani. Neno "kikwazo" tumelizoea kwa upande mmoja tu, upande wa ukurasa. Kenya imekuwa ikiliangalia zaidi kutoka upande wa pili. Sheria ya tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku kutangaza sigara. Sheria ya pombe ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, iliweka mipaka yake. Mwaka 2019 bodi ya kusimamia kamari ilizuia matangazo ya kamari kwenye mabango ya nje na mitandao ya kijamii, na Aprili 2025 ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mwenye tovuti anayepachika msimbo wa mtandao mbadala hajui dakika hii ni tangazo gani limetoka kwake. Msimamizi akija kuuliza, jina lililo juu ya ukurasa ni lake, si la mtandao ulio Cyprus.

Kuna waliopita njia nyingine kabisa. Issa Michuzi wa Tanzania, aliyeanza blogu yake 2005 kwa kuhimizwa na Ndesanjo, aliandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, na ukurasa wake ulijaa mabango ya makampuni ya nyumbani, yaliyouzwa mtu kwa mtu. Hakuna mashine iliyosoma maneno. Kulikuwa na mtu aliyepiga simu, akakubaliana bei ya mwezi, akatuma picha ya bango. Bango hilo lilikaa pembeni mwa harusi na pembeni mwa msiba pia, na sijui msomaji aliyeshangaa, maana hata gazeti la karatasi ndivyo lilivyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa mbadala halisi, ingawa haina jina la kuvutia na inahitaji mtu mwenye miguu.

Google nayo haikukaa palepale. Mei 2017 ilianza kuadhibu ukurasa mmoja mmoja badala ya kuzima tovuti nzima, na ikafungua ukurasa wa ndani ambapo mwenye tovuti anaona kosa liko wapi. Septemba 2019 ilitenganisha rasmi orodha mbili. Moja ni ya mambo yaliyokatazwa, ambayo ukurasa wake haupaswi kuwa na msimbo wa Google. Nyingine ni ya mambo yaliyowekewa vikwazo: pombe, tumbaku, kamari, silaha, picha za kutisha na kadhalika. Hizi za pili sasa si kosa. Unaruhusiwa kuacha msimbo, ila matangazo yatakuwa machache au hayatakuwepo, kwa sababu wanunuzi wengi wamejiondoa. Na juu ya orodha za Google, makampuni yenyewe yakaongeza orodha zao za maneno ya kukwepa. Mwaka 2020 magazeti makubwa ya Ulaya na Marekani yalilia kwamba neno "korona" limewafungia matangazo wakati ambapo hawajawahi kusomwa hivyo. Niliposoma malalamiko hayo nilikumbuka Salgaa.

Sasa nirudi kwa swali la vijana wangu, kwa lugha ya kazi. Sera ya Google inahusu mahali msimbo wake ulipo, si kila kona ya tovuti yako. Kama ukurasa uko kwenye orodha ya vikwazo, unaweza kuacha msimbo wa Google na kuweka mwingine kando yake. Kama uko kwenye orodha ya makatazo, toa wa Google kwanza, kabisa, usiufiche kwa CSS. Fanya hivyo kwenye kiolezo, kwa sharti moja la if linalosoma kategoria ya makala, kuliko kukumbuka kwa kichwa kila unapochapisha. Mtandao mpya utakupa mistari ya kuongeza kwenye faili la ads.txt, utaratibu uliokuja 2017 ili wanunuzi wajue nani ana ruhusa ya kuuza nafasi zako. Isome mistari hiyo kabla ya kuibandika, maana mingine huleta wauzaji thelathini usiowajua. Zima madirisha yanayochomoza kwenye mipangilio. Kama mtandao hauna mahali pa kuyazima, hilo nalo ni jibu.

Na kwa kategoria ya vifo na maafa, kiolezo ninachowapa vijana hakina mtandao wowote. Kina nafasi moja ya bango la picha la kawaida, upana wa pikseli 300 na urefu 250, linalouzwa kwa mwezi kwa duka la pembejeo, sacco au shule ya hapa hapa. Kwa sasa wawili wameuza. Mmoja amekosa mteja, na kwake nafasi hiyo bado ni nyeupe.